Mnandi Aliyeomba Kukauka

Mnandi ana kasoro moja ambayo mwajiri makini angeigundua siku ya usaili: akizama, analowa. Bata hana shida hiyo. Ana kitezi cha mafuta juu ya mkia, hukibonyeza kwa mdomo, akajipaka mwili mzima, na maji yakimwangukia yanateleza yakaenda zake. Manyoya ya nje ya mnandi hunywa maji, na hapo ndipo ulipo ustadi wake wote: akilowa anakuwa mzito, akiwa mzito anafika chini waliko samaki, mahali ambapo Bata huishia kuinua makalio hewani na kupapasa tope. Gharama yake ni kwamba akitoka majini sharti asimame juu ya kigingi, atandaze mbawa, akae hivyo mpaka zikauke. Asipokauka, safari ya pili atazama zaidi kidogo ya alivyokusudia. Ya tatu, zaidi.

Hayo yamo kwenye vitabu vya ndege. Kwenye mkataba wa kazi hayakuwamo.

Koperative ya wazamiaji ilikuwa na ofisi Rubona, kusini kidogo ya mji wa Gisenyi, jirani na kiwanda cha bia kilichoanzishwa mwaka 1957. Ndiyo maana wenyeji wengi hupaita Brasserie tu. Meneja alikuwa Kunguru. Ziwa Kivu halina mamba wala kiboko, kwa hiyo mtunga hekaya wa huku hana mnyama wa kutisha wa kumpa ubosi. Inabidi amchukue aliyepo. Na kunguru wa Rwanda ana sifa za kutosha: anazaliwa tayari amevaa shati jeupe na koti jeusi. Hakuwa mbaya. Alikuwa na watoto wanne shuleni, na juu yake ilikuwapo Bodi ya Mwewe, huko Kigali, iliyotaka ripoti kila Ijumaa. Ila alikuwa hajawahi kulowa kupita magoti.

Kazi ilikuwa ya usiku. Mnandi wa kawaida huvua mchana, lakini sambaza, samaki wadogo wa Kivu, hufuata taa, na tangu walipoletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 wao ndio waliogeuza usiku wa ziwa hili kuwa saa za kazi. Jua likizama utaona mitumbwi mitatu mitatu imefungwa pamoja, miti mirefu imechomoza mbele na nyuma ikishika nyavu, wavuvi wanapiga kasia huku wakiimba na kuitikiana. Wageni wanaokunywa kahawa kwenye vibaraza vya hoteli husema: tazama watu wanavyoifurahia kazi yao. Wimbo wa kasia ni nyenzo ya kazi. Unawafanya wote wavute kwa pamoja, na unawazuia kusinzia. Mnandi naye aliimba.

Halafu ikaja Mei 2021. Jumamosi tarehe 22 mlima Nyiragongo ulilipuka, anga la upande wa Goma likawa jekundu, watu wakavuka mpaka usiku huohuo na magodoro vichwani. Siku zilizofuata ardhi haikutulia. Kuta za Gisenyi zilipasuka, lami ikapata nyufa, familia nzima zikalala nje kwenye nyasi. Mti uliobeba kiota cha Mnandi uling'oka nusu. Yale mayai mawili yaliyokuwamo sitayazungumzia. Yeye mwenyewe hakuyazungumza, na nadhani ndipo shida ilipoanzia.

Jumatatu Kunguru aliitisha kikao.

"Tumshukuru Mungu," akasema, "ofisi haina ufa hata mmoja. Pili, mji umejaa wageni, na wageni wanakula. Nani anataka zamu mbili?"

Mnandi aliinua bawa. Hakulazimishwa, naomba hilo lieleweke. Aliyefiwa na asiye na pa kuweka kilio chake huipenda kazi kuliko mtu yeyote. Ukimpa zamu ya tatu atakushukuru. Kwa miaka miwili Mnandi alizama akarudi, akazama akarudi, na mwisho wa mwaka, wakati kila mtumishi anaposaini imihigo yake mpya, yaani ahadi ya kilo atakazoleta, aliandika tarakimu kubwa kuliko ya mwaka uliotangulia. Ukuta wa ofisi ulikuwa na fremu ya mfanyakazi bora wa mwezi. Humo aliishi Bata, mwezi hadi mwezi, mkavu, anatabasamu.

Kukauka? Pale kigingini palitazamana na dirisha la meneja. Mtumishi aliyesimama na mbawa wazi asubuhi anaonekana hana la kufanya, kwa hiyo Mnandi alikuwa akitoka majini anakunja mbawa zikiwa bado zinachuruzika na kwenda moja kwa moja kupima samaki. Na Januari 2023, saa rasmi za kazi zilipoanza kuwa saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni ili familia zipate nafasi ya kupumua, Kunguru aliubandika waraka mlangoni na kuuheshimu nukta kwa nukta. Kati ya saa tatu na saa kumi na moja hakuna mzamiaji aliyeguswa. Zamu ilianza saa kumi na mbili.

Mei ya mwaka huohuo Sebeya ikafurika. Mvua ilinyesha usiku wa tarehe 2 kuamkia 3, milima ikateremka, na watu zaidi ya 130 wakafa magharibi na kaskazini mwa nchi. Sebeya inamwaga maji yake ziwani hapohapo Rubona. Kwa wiki kadhaa Mnandi alizama katika maji ya rangi ya kahawa, akikutana huko chini na milango, sufuria, kiatu kimoja cha mtoto. Alileta kilo zake kama kawaida.

Kilichomshitua ni kitu kidogo. Mnandi hummeza samaki kwa kichwa, daima, ili miiba ya mgongoni ilale. Hafundishwi hilo, anatoka nalo kwenye yai. Alfajiri moja ya Juni alimgeuza ngege mdomoni, akasahau anafanya nini, akammeza kwa mkia. Miiba ikasimama kooni. Alikaa juu ya mti wa mtumbwi hadi jua likapanda, hawezi kumeza wala kutema, na alichoshangaa si maumivu. Alishangaa kwamba hakuwa na haraka ya kumtoa.

Siku ya pili akaenda kuomba ruhusa.

"Unaumwa wapi?" Kunguru akauliza, akamsogezea fomu.

Fomu ilikuwa na mchoro wa ndege, mbele na nyuma, na maelekezo chini yake: weka alama mahali penye maumivu. Mnandi aliutazama mchoro kitambo. Akachukua kalamu, akaweka alama pembeni, kwenye karatasi tupu, nje ya ndege.

"Hapo si mwilini."

"Ndiyo, Shefu."

"Sasa mimi nitaijazaje hii?" Kunguru alihangaika kweli. Korongo alipovunjika mguu alipewa wiki sita, mkungu wa ndizi na ujumbe wa kumpa pole ulioongozwa na meneja mwenyewe, picha zikabandikwa ubaoni. Mguu uliovunjika unajua kujaza fomu. "Nenda kwa daktari. Akinipa muhuri, mimi nitaona."

Bundi alikuwa na chumba kidogo nyuma ya hospitali, mwisho wa korido, baada ya maabara, pale mtu anapofika ikiwa tu ameamua kufika. Hakumpima Mnandi chochote. Alimwuliza analala saa ngapi, anakula nini, mara ya mwisho kukausha mbawa ilikuwa lini. Mnandi akajibu. Kisha akamwuliza habari za kiota. Mnandi akanyamaza, na Bundi, ambaye macho yake hayajui kugeuka, akanyamaza naye mpaka ikapita robo saa nzima, jambo ambalo katika hospitali yenye foleni ni matumizi makubwa ya fedha za umma.

"Daktari, mimi sina kidonda," Mnandi akasema mwishowe.

"Mwanangu, kila Aprili, siku za kumbukumbu, tunapanga wahudumu uwanjani kwa ajili ya watu watakaoanguka bila kuguswa na kitu. Nchi hii haihitaji kuelezwa kwamba kipo kidonda kisichotoa damu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta mtu mmoja kati ya watano ana shida fulani ya afya ya akili. Kwa walionusurika mauaji ya kimbari ilizidi nusu. Koperative yenu mko arobaini. Tangu nianze kazi hapa mmeniletea miguu tu."

Akaandika: *Akae nchi kavu siku 14. Asizame. Atandaze mbawa kila asubuhi mpaka zikauke. Aonane nami kila Jumanne.* Akagonga muhuri.

Kunguru aliisoma barua mara mbili, akaingia intaneti. Kunguru ni ndege msomaji, na msomaji nusu ni hatari kuliko asiyesoma. Baada ya saa moja akatoka na jibu: Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019, lilipoingiza uchovu wa kazi katika orodha yake mpya ya magonjwa, lilisema waziwazi kwamba hilo ni jambo linalotokana na mahali pa kazi na wala si ugonjwa. Si ugonjwa, basi hakuna likizo ya ugonjwa. Akamwandikia Bundi kwa heshima zote.

Jibu la Bundi lilirudi mchana uleule, mstari mmoja: *Kama tatizo liko mahali pa kazi, niletee mahali pa kazi nipatibu.*

Kunguru hakucheka. Alilifikiria, akaona ni gharama. Basi akageukia sheria ya kazi ya mwaka 2018, inayompa mtumishi siku 18 za likizo kwa mwaka. Alikuwa tayari kumpa Mnandi siku hizo bila kinyongo. Akafungua daftari la zamu: nafasi ya kwanza iliyokuwa wazi ni Novemba, katikati ya mvua za vuli, majira ambayo Gisenyi hata jiwe halikauki.

Ila asiseme mtu kwamba uongozi ulikaa kimya. Barua ya Bundi ilifika mpaka kwa Mwewe, na Mwewe walikuwa wametoka kwenye semina. Likashuka agizo: kila koperative ifanye Siku ya Utulivu wa Nafsi. Ikapangwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mara baada ya umuganda, kazi ya jamii ya kila mwezi, kwenye chemchemi za maji moto za Nyamyumba, zile ambazo wagonjwa wa viungo huenda kukaa. Mahudhurio ni ya lazima. Fulana za kijani ziligawiwa na kukatwa kwenye mshahara. Kasuku alialikwa kutoa mada, akazungumza saa tatu juu ya shukrani, kwa sababu mada yake nyingine, ya uvumilivu, alikuwa ameitoa wiki iliyopita kwa vyura. Kisha watumishi wote wakaamriwa kuingia kwenye maji moto ili watulie.

Mnandi alisimama ukingoni.

"Ingia, kaka!" Bata akampigia kelele kutoka katikati. "Maji hayana neno! Mbona mimi sipati shida?"

Akaingia. Picha ikapigwa. Saa kumi na moja walirudishwa Rubona, yeye akiwa amelowa kwa maji ya moto badala ya baridi, na saa kumi na mbili taa zikawashwa.

Aliyemwelewa hakuwa na mkataba wa kazi. Mama Kanga huamka saa tisa usiku, akajifunga kitenge chake chenye madoa, akajitwika beseni la nyanya na kushuka mpakani, Petite Barrière, kupanga foleni pamoja na maelfu ya wengine wanaovuka kila siku kwenda Goma kuuza na kurudi. Mnandi alimkuta jioni moja amekaa kando ya barabara, miguu ameinyoosha, anahesabu faranga za nchi mbili kwenye mapaja mawili.

Akamweleza yote: fomu, barua, Novemba.

"Una bahati," Mama Kanga akasema.

"Bahati?"

"Wewe una mtu wa kumwomba. Mimi nikichoka nimwandikie nani barua? Nyanya?" Akacheka, akafunga noti kwenye ncha ya kitenge. "Mwaka juzi baada ya yale matetemeko kulikuwa na asubuhi siwezi kuinuka. Siumwi. Nimelala tu natazama bati. Wenzangu wa ikimina wakaja. Sisi tunachanga kila wiki, unajua, anapokea huyu, wiki ijayo yule. Mmoja akachukua beseni langu akavuka nalo. Kesho yake mwingine. Jioni wananiletea changu, wamekata nauli."

"Siku ngapi?"

"Kwa roho safi, siku tatu. Ya nne walianza kuulizana kama nimepata bwana. Ya sita akaja mama mmoja mkubwa, akanifagilia nyumba bila kuniambia neno, akanikalisha nje kwenye jua. Hapo ndipo nikalia." Akasimama, akajishika kiuno. "Usidhani ni watakatifu wale. Wananikumbusha mpaka leo. Lakini nilikauka."

Mimi niliyeipokea hekaya hii nimejaribu mara kadhaa kuiondoa ile siku ya nne, ya umbea, ili ikimina kipendeze zaidi. Inakataa kutoka.

Agosti ikaingia, na ziwa likafungwa. Hili si la kutunga: kila mwaka, kwa miezi kama miwili, Rwanda husimamisha uvuvi wa Kivu ili samaki wazaane na wakue. Mitumbwi huvutwa nchi kavu, nyavu zikaanikwa, na askari wa majini hukamata atakayeonekana na taa. Hakuna anayelidai ziwa muhuri wa daktari. Hakuna anayemwuliza sambaza alama yake iko wapi kwenye mchoro. Kila mtu, kuanzia Mwewe mpaka muuza mishikaki, anaelewa kwamba ukivuna bila kukoma utavuna maji.

Mnandi alilisoma tangazo mlangoni akahisi kifua kinafunguka. Miezi miwili! Akaanza kuchagua kigingi.

"Ndugu watumishi," Kunguru akasema kikaoni, "ziwa limeenda likizo. Sasa likizo ya ziwa haijilindi. Kuna wavuvi haramu. Bodi imetupa heshima ya kulinda mapumziko haya, juu na chini ya maji, usiku kucha. Wa juu ni Bata. Wa chini…"

Hakuhitaji kumalizia. Kwa hiyo usiku wa kwanza wa mapumziko ya Kivu, Mnandi alizama mara nyingi kuliko usiku wowote wa uvuvi, akihakikisha kwamba hakuna anayewasumbua samaki waliolala.

Mwenzake wa doria alikuwa Mzee Fisi-maji, mwenye madoa meupe kooni na baridi yabisi, aliyebakiza mwaka mmoja astaafu. Walikuwa wakipumzika juu ya jiwe kati ya zamu.

"Mzee, huko chini kabisa kuna nini?"

"Hakuna aendaye. Ukipita mita sitini hivi hewa inakwisha, samaki hawapo. Kisha giza mpaka mita mia nne na themanini. Huko kuna gesi. Ile ya kuwaka na ile ya kukaba, zimeyeyuka majini, zimekandamizwa na uzito wa maji yaliyo juu. Ukilitazama ziwa asubuhi utasema lina amani kuliko maziwa yote."

"Na zikipanda?"

"Kule Kameruni kuna ziwa dogo, Nyos. Mnamo Agosti 21 mwaka 1986, usiku, lilitoa yote kwa mpigo. Watu kama elfu moja na mia saba hawakuamka, na ng'ombe zao. Siku moja kabla lilikuwa zuri, watu wanateka maji." Akajikuna. "Kivu ndiyo maana wanalitoboa. Kiwanda cha bia kilianza kuvuta gesi hapahapa Rubona miaka ya sitini. Karongi wanazalisha umeme tangu 2016. Bomba linakwenda chini, gesi inapanda kidogo kidogo, mchana na usiku, watu wa vipimo wamekaa wanaangalia."

"Walilionea huruma."

"Walitaka umeme, mwanangu." Fisi-maji akashuka taratibu kurudi majini. "Lakini gesi inatoka."

Alfajiri ile Mnandi hakwenda kusaini daftari la doria. Alipanda kigingi kilichoelekea dirisha la meneja, akatandaza mbawa. Zilifunguka kwa shida, zikilia kwenye maungio, na tone la kwanza lilipodondoka liliacha doa jeusi juu ya mbao.

Saa mbili Kunguru alifungua pazia akaona mtumishi amenyoosha mikono pande zote mbili mbele ya ofisi ya umma. Akafunga pazia. Akapiga simu Kigali. Kamati ya dharura ilikaa kujadili kama huo ni mgomo, maandamano ya mtu mmoja, ibada au tusi. Chura, katibu wa kamati, alipendekeza uchunguzi. Kanga dume alisema siku zake ndege walikuwa wanalowa na hawasemi. Kikao kilikuwa bado kinatafuta kifungu cha sheria wakati basi la watalii liliposimama barabarani.

Walishuka na kamera. Mnandi mweusi, mbawa wazi, ziwa nyuma yake, jua limepanda juu ya milima: walipiga picha nusu saa, wakanunua fulana za kijani zilizobaki.

Hapo Kunguru akawa amepata ufumbuzi, na kwa mara ya kwanza tangu Juni alimwita Mnandi ofisini akiwa anatabasamu. Ombi limekubaliwa! Kuanzia kesho kukauka kutafanyika kila siku, saa tatu kamili hadi saa tatu na nusu, mbele ya wageni, kifua mbele, kichwa kimeelekea ziwani. Filimbi ikilia anakunja. Ikinyesha, atatandaza vilevile. Imihigo yake ilirekebishwa papo hapo: kilo za samaki zikabaki zilezile, na chini yake ukaongezwa mstari wa idadi ya wageni watakaoridhika.

Alifanya siku mbili. Siku ya tatu, saa tatu na nusu, filimbi ikalia, na Mnandi hakukunja. Ikalia tena. Wageni walipiga makofi wakidhani ni sehemu ya onyesho. Alisimama mpaka saa sita, mpaka unyoya wa mwisho chini ya bawa la kushoto ulipokauka na kuanza kuinuliwa na upepo, akaruka. Watu walimwona akipita juu ya soko, halafu juu ya foleni ya Petite Barrière, akashuka mahali uani kwa mtu, kwenye kamba ya nguo.

Ikimina kilimpokea kwa siku kumi na nne za Bundi. Siku ya nne waliulizana kama ana kesi mahakamani. Siku ya sita mama yule mkubwa alifagia uwanja, akamsogeza juani. Walimwonyesha nyanya za kuchambua ili mikono isikae bure, na kila Jumanne mmoja wao alimsindikiza mpaka mwisho wa korido, baada ya maabara, kisha akamngoja nje akiuza ndizi. Juu ya yale mayai alizungumza Jumanne ya pili. Sikuwapo, na Bundi hasimulii ya wagonjwa.

Kunguru naye alikuwa ametangaza nafasi. Tangazo lilikaa mlangoni wiki mbili: *Anatakiwa mnandi mwenye uzoefu wa miaka mitano, awezaye kuzama mita nyingi, afanyaye kazi chini ya shinikizo, asiyelowa.* Walijitokeza saba. Wote walikuwa na uzoefu, wote walizama vizuri, na wote walipotoka majini kwenye jaribio walipanda vigingi na kutandaza mbawa bila kuambizana, wakaziba dirisha lote. Siku ya kumi na tano Mnandi aliporudi na barua yenye mihuri miwili, Kunguru aliichukua bila swali. Alizikata siku kumi na nne kwenye zile kumi na nane za likizo, ili kitabu kilingane, na akamwachia nne za Novemba. Kigingi kikahamishiwa nyuma ya ofisi. Kwenye ripoti ya Ijumaa aliandika kwamba koperative ina eneo maalumu la mapumziko.

Kazi iliendelea. Zamu mbili Mnandi alizikataa, na fremu ukutani akaiachia Bata.

Sasa kuna jambo la Bata ambalo halimo kwenye fremu. Mara moja kwa mwaka bata hupukutisha manyoya yote ya kurukia kwa mpigo. Si moja moja kama ndege wengi: yote. Kwa wiki kadhaa hawezi kuruka hata kwenda juu ya ukuta, na bata mwenye akili hujificha kwenye matete mpaka yaote mapya. Huyu wetu, kwa miaka yote, alikuwa akijificha mchana na kuja kazini usiku, akiogelea kwa kasi ili mtu asigundue kwamba hanyanyuki.

Usiku mmoja wa Septemba Mnandi alisikia mchakacho nyuma ya ofisi. Bata alikuwa chini ya kigingi, mbawa fupi, macho yamevimba.

"Kaka," akanong'ona, "ile fomu. Alama uliiweka wapi?"

"Pembeni. Nje ya ndege."

"Na yule Bundi… anaandika kwa bei gani?"

"Hana bei. Nenda na kadi yako ya bima. Usiende Jumatatu, Jumatatu kuna foleni ya walioogeshwa mwishoni mwa wiki. Nenda Jumanne, uwe wa kwanza, na akikaa kimya na wewe kaa kimya."

"Kunguru akiniuliza naumwa wapi?"

"Atakuuliza," Mnandi akasema, akasogea kidogo kigingini, ingawa nafasi ilikuwa ya mmoja na Bata hakuwa na namna ya kupanda.